Mageuzi ya mtaala huanzia ofisini mwa mwalimu mkuu: Funzo kutoka Mfangano

KISIWA cha Mfangano, katika kaunti ya Homa Bay, huonekana kutoka Mbita kama mlima uliochomoza katikati ya Ziwa Victoria. Kila kinachohitajika katika shule za msingi za kisiwa hicho, tangu chaki hadi vitabu vya kiada, sharti kivuke maji. Vivyo hivyo sera. Waraka unaotiwa sahihi jijini Nairobi hupita mikononi mwa maafisa wengi kabla ya kufika mezani pa mwalimu mkuu wa shule iliyo chini ya mlima Kwitutu.

Ni katika meza hiyo ambapo mtaala mpya hupata uhai au hugeuka karatasi ya kufungiwa kabatini. Tangu uhuru, Kenya imebadilisha elimu yake ya msingi mara kadhaa, na kila mara lawama au sifa zimeelekezwa kwa Wizara, kwa waziri wa wakati huo au kwa wachapishaji. Ni nadra kuulizwa swali lililo rahisi zaidi: Je, kiongozi wa shule alipewa uwezo, muda na idhini ya kuyatekeleza mageuzi hayo kwa namna inayofaa mahali alipo?

Mfangano ni mahali pafaapo kuliuliza swali hilo. Kisiwani humo masuala yote makuu ya elimu ya msingi hukutana kwa pamoja: lugha ya kufundishia, umaskini, kazi za watoto, uhaba wa walimu na umbali kutoka makao makuu.

Mamlaka ya mwalimu mkuu

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 iliweka Bodi ya Usimamizi katika kila shule ya umma. Katika bodi hiyo wamo wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi, wawakilishi watatu wa mdhamini wa shule, mwakilishi wa walimu, wa bodi ya elimu ya kaunti, na wa makundi yenye mahitaji maalumu. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi hiyo.

Kwa maneno mengine, yeye si mwenye shule wala si karani tu. Ndiye anayeandaa ajenda, anayeeleza maana ya waraka uliotoka Nairobi, na anayerejea kwa walimu kuwaambia yaliyoafikiwa. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ndiyo inayomteua na kumhamisha, ilhali Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ndiyo inayoandaa yale yanayofundishwa.

Katika pengo lililo kati ya taasisi hizo ndipo palipo na nafasi yake ya ubunifu. Mtaala huagiza umilisi ambao mtoto anapaswa kuupata. Hauagizi kwamba hesabu za uzani zifundishwe kwa mfano wa mahindi ya Trans Nzoia badala ya omena wa Sena. Ratiba hutaja somo. Haitaji ni mzee yupi wa kijiji aalikwe darasani kueleza historia ya ukoo wake.

Utafiti wa kimataifa unaipa nafasi hiyo uzito mkubwa. Mwaka wa 2004, mtaalamu Kenneth Leithwood wa Kanada na wenzake walipitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba, miongoni mwa mambo ya ndani ya shule yanayoathiri masomo ya mtoto, uongozi hufuata mara tu baada ya ufundishaji wenyewe wa darasani. Athari hiyo haitokani na kiongozi kufundisha kila kipindi, bali na namna anavyowawezesha walimu wafundishe vyema.

Kenya ilikwisha kulitambua jambo hilo mapema. Kati ya mwaka wa 1996 na 2000, mradi wa PRISM uliofadhiliwa na Uingereza uliwapa walimu wakuu wa shule za msingi kote nchini mafunzo ya usimamizi. Walikutana katika makundi ya shule jirani, wakajifunza kupanga maendeleo ya shule, kusimamia fedha na kuwashirikisha wazazi. Kuanzia mwaka wa 2001 ukafuata mpango wa kuwaendeleza walimu wakiwa shuleni mwao, ambapo walimu wachache wa Kiingereza, Hisabati na Sayansi walifunzwa ili wawe tegemeo la wenzao.

Jirani na ziwa hilo hilo, mjini Kisumu, shirika la elimu la Aga Khan lilikuwa limeendesha mradi wa kuboresha shule za msingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miradi hiyo ilitoa funzo moja: mwalimu akipelekwa semina kisha akarejea katika shule ambayo mkuu wake hajali, aliyojifunza hufifia upesi. Mkuu akielewa na kuunga mkono, hata mwalimu ambaye hakwenda semina hujifunza kutoka kwa mwenzake.

Mitaala inayokuja na kupita

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985 ukiwa na azma ya kumpa mtoto stadi za kujitegemea. Shule zilitakiwa kufundisha useremala, kilimo, ushonaji na sanaa. Wazazi wakachangishwa fedha za kujenga karakana. Nyingi hazikukamilika, na mtihani wa KCPE ukaishia kuwa ndio mtaala halisi. Kilichotahiniwa kilifundishwa, kisichotahiniwa kiliachwa.

Tanzania ilikuwa imepitia njia inayofanana na hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967, shule zilianzisha mashamba na miradi. Hata hivyo, wazazi wengi waliendelea kuipima shule kwa idadi ya watoto waliochaguliwa kwenda sekondari, na mahali pengine shamba la shule likageuka kuwa adhabu badala ya somo.

Mwaka wa 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi, madarasa yalifurika. Kila mtoto alitengewa Sh1,020 kwa mwaka. Walimu wakuu, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kusimamia fedha za umma kwa kiwango hicho, walijikuta wakiendesha akaunti mbili za benki, moja ya vifaa vya kufundishia na nyingine ya matumizi ya jumla.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 kuanzia elimu ya chekechea hadi Gredi ya Tatu. Tathmini ya kwanza ya kitaifa ya Gredi ya Sita ilifanyika mwaka wa 2022, na KCPE ya mwisho ikafanywa mwaka wa 2023. Jopokazi la Rais lililoteuliwa mwaka wa 2022 chini ya Profesa Raphael Munavu lilipendekeza masomo ya gredi za chini yapunguzwe kutoka tisa hadi saba, na ya gredi za juu za msingi kutoka 12 hadi manane.

Miongoni mwa masomo saba yaliyosalia katika gredi za chini, limo somo la lugha ya kiasili. Hapa ndipo Mfangano inapokabiliwa na fumbo ambalo shule nyingi za bara hazijawahi kulifikiria.

Lugha ipi ni ya mtoto?

Wenyeji wa asili wa Mfangano ni Abasuba. Mapokeo yao husimulia kwamba mababu zao walivuka ziwa wakitokea pande za Buganda na Busoga, yapata karne ya 18, wakakaa Mfangano, Rusinga na katika fuo za bara hadi pande za Muhuru katika kaunti ya Migori ya leo. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu.

Kadiri miaka ilivyosonga, Abasuba waliishi, walioana na walifanya biashara na majirani wao Wajaluo. Shule na makanisa ya enzi ya ukoloni yalitumia Dholuo. Mtoto wa Kisuba aliyekwenda shule alifundishwa kusoma kwa Dholuo, akasali kwa Dholuo, na alipokua akawalea wanawe kwa Dholuo. Wataalamu Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walilieleza badiliko hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1992, katika kitabu kilichohusu kufa kwa lugha barani Afrika.

Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu Wasuba 157,787. Idadi hiyo ni ya watu wanaojitambulisha kwa kabila hilo, wala si ya wanaoizungumza lugha. Wazungumzaji mahiri ni wachache zaidi, na wengi wao ni wazee. Lahaja ya Mfangano ndiyo inayotambuliwa kuwa imehifadhika zaidi, na hilo ndilo linalozipa shule za kisiwa hicho dhima ya pekee.

Sera ya lugha nchini ni ya tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976: mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kichukue nafasi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, imeongeza uzito kwa kulitaka taifa likuze na kulinda lugha za kiasili.

Tatizo ni kwamba sera hiyo ina madhumuni mawili ambayo kwingineko hupatana, lakini Mfangano hutengana. Dhumuni la kwanza ni la ufundishaji: mtoto hujifunza kusoma upesi zaidi kwa lugha anayoifahamu. Dhumuni la pili ni la utamaduni: lugha ya jamii isipotee. Katika kijiji cha Wakamba au Wakalenjin, lugha moja hutimiza yote mawili. Mfangano, lugha ambayo watoto wengi hufika nayo shuleni ni Dholuo, ilhali lugha iliyo hatarini ni Olusuba.

Mwalimu mkuu anayechagua Dholuo pekee hutimiza dhumuni la kwanza na kuizika lugha ya mababu. Anayeamua, kwa nia njema, kwamba watoto wote wa Gredi ya Kwanza wafunzwe Hisabati kwa Olusuba huwatwika wadogo hao lugha ngeni na kurudia kosa lile lile la shule za ukoloni, ila tu kwa mwelekeo tofauti. Na anayekimbilia Kiingereza tangu siku ya kwanza, kama wazazi wengi wanavyopendelea, hukosa yote mawili.

Jaribio lilikwisha kufanywa. Katika miaka ya 1990, wakati ambapo wilaya ya Suba iliundwa kwa kumegwa kutoka Homa Bay, serikali iliunga mkono Olusuba ifundishwe katika baadhi ya shule na isikike redioni. Mwanaisimu Ogone John Obiero, katika makala yake ya mwaka wa 2008, alionyesha kwamba msimamo wa jamii yenyewe kuhusu juhudi hizo ulijaa kinzani. Watu waliienzi lugha hiyo kama alama ya utambulisho wao, lakini kuienzi hakukuwa sawa na kuizungumza na watoto nyumbani.

Mradi kama huo unapotoka juu, shule hupokea agizo bila vitabu vya kutosha, bila walimu wanaoijua lugha na bila mazungumzo na wazazi. Somo lisilotahiniwa, lisilo na kitabu na lisilo na mwalimu huwa kipindi cha kusahihishia madaftari ya Kiingereza.

Njia inayowezekana ni ya kati, na huhitaji uongozi zaidi ya waraka. Dholuo hutumika kumfunza mtoto kusoma na kuhesabu, kwa kuwa ndiyo anayoielewa. Olusuba huingia kupitia nyimbo, hadithi, majina ya samaki, mimea na mahali, na kupitia vipindi vichache vya lugha ya kiasili vilivyomo katika ratiba. Kiswahili na Kiingereza hufundishwa kama masomo hadi viwe na mizizi.

Aidha, Olusuba inaweza kuwa daraja la kufikia Kiswahili. Dholuo haina mfumo wa ngeli kama wa lugha za Kibantu, na mtoto anayeizungumza hutatizika anapokutana na upatanisho wa kisarufi. Lakini mtoto anayejua kwamba mtu mmoja ni Omusuba, wengi ni Abasuba na lugha yao ni Olusuba, amekwisha kuona kanuni ambayo Kiswahili huitumia katika Msuba, Wasuba na Kisuba. Mwalimu wa Kiswahili anayelitambua hilo hupata nyenzo ambayo hainunuliwi dukani.

Nchi jirani ya Uganda inaonyesha manufaa na gharama za njia hii. Mwaka wa 2007 ilianzisha mtaala wa mada ambao unatumia lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya kwanza. Katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, mradi uliowapa walimu mafunzo ya kina, vitabu katika lugha ya watoto na usimamizi wa karibu ulileta maendeleo makubwa katika usomaji. Pale ambapo msaada huo ulipunguzwa, manufaa nayo yalipungua. Lugha peke yake haikutosha. Ilihitaji kuandamana na vitabu na ufuatiliaji.

Ziwa kama darasa

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mfangano, methali hiyo ina maana mbili, kwa kuwa samaki ndiye riziki ya kisiwa na pia ndiye mshindani mkuu wa shule.

Uvuvi wa omena hufanyika usiku kwa taa, na asubuhi samaki huanikwa ufuoni. Mvulana wa miaka 12 anayeweza kuvuta wavu au kuanua omena hupata sarafu siku hiyo hiyo, ilhali manufaa ya shule ni ya miaka mingi ijayo. Msimu wa kufungwa kwa uvuvi wa omena, kati ya Aprili na Julai, hupunguza pesa nyumbani, na mara nyingi ndipo michango ya shule na chakula cha mchana huadimika.

Mwalimu mkuu anayelichukulia ziwa kuwa adui atatumia muda wake kuwafukuza watoto ufuoni. Aliye mbunifu hutenda mambo mawili kwa pamoja: hulileta ziwa darasani, na hufanya mapatano na wavuvi ili mtoto asilifuate wakati wa masomo.

Kuhusu la kwanza, mifano ni mingi. Katika Hisabati, wanafunzi wanaweza kupima gorogoro ya omena wabichi, kuwaanika, kisha kupima tena wakiwa wakavu. Tofauti ya uzani huwafunza sehemu na asilimia kuliko mchoro wa keki ambao wengi wao hawajaikata. Bei wanayoikusanya ufuoni kila wiki huwa jedwali, na jedwali huwa grafu.

Katika Sayansi, kichocho ni somo lililo mlangoni. Maradhi hayo yameenea katika fuo za ziwa, na mzunguko wake hupitia kwa konokono wa majini. Mtoto anayeelewa kwa nini konokono huyo hupatikana mahali fulani, na kwa nini kujisaidia majini huendeleza ugonjwa, huwa amejifunza biolojia na afya ya jamii kwa pamoja. Watoto hao ndio wanaochota maji na kuoga humo kila siku.

Katika Mafunzo ya Jamii, kisiwa kina hazina ambayo shule za mijini hulipia nauli kwenda kuitazama. Mapango ya Mawanga na Kwitone yana michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, yenye duara na miale, inayohusishwa na jamii za wawindaji walioishi hapo kabla ya Abasuba. Makavazi ya Amani ya jamii ya Abasuba yaliyo kisiwani yalianzishwa ili kuhifadhi urithi huo. Redio ya jamii ya Ekialo Kiona, jina lenye maana ya dunia nzima katika Olusuba, ilianza kutangaza kisiwani katika mwongo wa 2010.

Mtaala wa umilisi unazitaka shule ziwashirikishe wazazi na jamii katika masomo. Mjini, agizo hilo limezua malalamiko kutoka kwa wazazi wanaotumwa kununua karatasi za rangi na kuchapisha picha usiku. Kisiwani, laweza kumaanisha kumwalika fundi wa mashua aeleze namna anavyopima mbao, au nyanya asimulie hadithi kwa Olusuba huku watoto wakiiandika. Hadithi 20 zilizoandikwa hivyo na kusahihishwa na wazee ni kitabu cha kusomea ambacho hakuna mchapishaji wa Nairobi angekichapa.

Kuhusu la pili, kila ufuo una kitengo cha usimamizi, BMU, ambacho huwaandikisha wavuvi na mashua. Mwalimu mkuu anayehudhuria mikutano yake anaweza kuafikiana nao kwamba hakuna mwenye mashua atakayemwajiri mtoto saa za masomo. Mapatano ya wavuvi wenyewe hufua dafu kuliko barua ya chifu, kwa sababu huyalinda wale ambao hukutana ufuoni kila alfajiri.

Vikwazo

Ingekuwa dhuluma kumtwika mwalimu mkuu mzigo wote huu bila kutaja yanayomfunga mikono. La kwanza ni fedha. Mgao wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 200, kwa hesabu hiyo, ina haki ya Sh284,000, na si zote hufika katika akaunti yake kwa kuwa sehemu hutumiwa na Wizara kununua vitabu. Shule ndogo za visiwani hulipa nauli ya maji kwa kila safari ya kikazi, lakini mgao hauitambui tofauti hiyo.

La pili ni vitabu. Hapo awali shule zilichagua vitabu zenyewe kutoka katika orodha iliyoidhinishwa. Tangu mwaka wa 2018 serikali hununua na kusambaza moja kwa moja. Mpango huo ulipunguza ufisadi na kukaribia kumpa kila mtoto kitabu chake, lakini pia uliondoa uwezo wa shule kununua kitabu cha lugha ya wachache ambacho hakimo katika zabuni kubwa.

La tatu ni uhamisho. Mwaka wa 2018, TSC ilianza kuwahamisha walimu wakuu nje ya kaunti zao. Lengo lilikuwa kuimarisha utangamano wa kitaifa na kuondoa mazoea. Hata hivyo, sera hiyo ilipingwa vikali na vyama vya walimu, na tangu mwaka wa 2023 wengi waliruhusiwa kurejea makwao. Kwa shule inayojaribu kufundisha Olusuba, kumpoteza kiongozi katikati ya safari ni kuanza upya. Kwa upande mwingine, mgeni anaweza kuuliza maswali ambayo mwenyeji aliyazoea. Kilicho muhimu ni kwamba mpango wa shule uandikwe na uwe mali ya bodi, usiwe kichwani mwa mtu mmoja anayeweza kuondoka kwa barua ya siku moja.

La nne ni sekondari ya msingi. Tangu Januari 2023, sekondari ya msingi, ya Gredi ya Saba hadi ya Tisa, imewekwa katika shule za msingi. Mwalimu mkuu aliyefunzwa kwa ajili ya watoto wadogo sasa anasimamia pia walimu wenye shahada, ambao baadhi yao wamedai uongozi wao wenyewe. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mgao wa mwanafunzi wa sekondari ya msingi ni Sh15,042, na tofauti hiyo hufanya macho yote yaelekezwe huko, ilhali mtoto wa Gredi ya Kwanza ndiye anayehitaji kujifunza kusoma sasa.

La tano ni kivuli cha mtihani. Ilipangwa kwamba asilimia 60 ya tathmini ya Gredi ya Sita itokane na kazi za shuleni na asilimia 40 itokane na karatasi ya kitaifa. Lakini mzazi aliyezoea kuulizia alama kati ya 500 za KCPE bado huuliza, "Mtoto amekuwa wa ngapi?" Kiongozi asiye na jibu la kumtosheleza hurudisha shule katika mazoezi ya kuchagua jibu sahihi, na gorogoro ya omena hurudi ufuoni.

Pa kuanzia

Mageuzi yenye kudumu huanza kwa kidogo. Shule haihitaji kubadilisha masomo yote muhula mmoja. Inatosha kuchagua gredi moja na eneo moja, kwa mfano usomaji wa Gredi ya Kwanza, kisha kupima mwanzoni na mwishoni mwa muhula ni watoto wangapi wanaosoma sentensi fupi na kuielewa. Idadi hiyo ikibandikwa ukutani na kujadiliwa na wazazi, swali la nafasi darasani huanza kupoteza nguvu zake.

Mwalimu mkuu naye anahitaji kutoka ofisini. Nusu saa ya kuketi nyuma ya darasa, bila kijitabu cha kutafuta makosa, na mazungumzo baada ya kipindi, humfunza mengi kuliko fomu za kutathmini walimu. Shule mbili au tatu jirani zikikutana mara moja kwa muhula, mwalimu mmoja anayeijua Olusuba vizuri anaweza kuwasaidia wenzake wa shule zote, kama ilivyokuwa katika makundi ya miaka ya 1990.

Suala la lugha liamuliwe hadharani. Bodi ikutane na wazazi, wazee na walimu, iulize kwa uwazi watoto huzungumza lugha gani nyumbani, ni nani wanaoweza kufundisha Olusuba na ni vipindi vingapi vitatengwa. Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Hapo hata mwalimu mkuu mpya akija, atakuta ahadi ambayo jamii ilijiwekea.

Serikali ya kitaifa nayo ina wajibu wake. Mgao wa fedha unaozingatia gharama za kuvuka maji, mafunzo ya uongozi kabla ya mtu kuteuliwa wala si miaka mingi baadaye, na idhini ya wazi kwa shule kuchapisha vijitabu vyake vya lugha za wachache ni mambo yasiyohitaji mtaala mwingine mpya.

Muda si mrefu. Kijana anayeanza Gredi ya Kwanza mwaka huu atamaliza ya Tisa baada ya miaka tisa, na wazee wanaoijua Olusuba kwa ufasaha hawatakuwepo wote kufikia siku hiyo. Sera itakapobadilika tena, kama ilivyobadilika mara nyingi, haitaweza kumrejesha hata mmoja wao darasani. Mwaliko wa kuwaleta shuleni hauhitaji saini ya waziri. Unahitaji mwalimu mkuu atakayepanda mlima kwenda kubisha hodi.